Anayepiga Chuma Ndiye Anayefungua

Jumapili, 10 Septemba

Mwinjilisti Jean-de-Dieu ameondoka leo kambini, na ameniachia kitu ambacho sikukiomba.

Kambi yetu ya mbao iko ndani kabisa ya msitu, kwenye barabara ya udongo ambayo kamyo, malori ya patron mwenye mbao, hupita mvua ikiruhusu. Mji wa Walikale uko mbali. Tuna kanisa moja tu, la udongo na majani, na watu wa madhehebu yote wanasali humo kwa sababu hakuna jingine. Mbele ya kanisa, kwenye mti, inaning'inia jante, chuma cha gurudumu la kamyo iliyokufa zamani. Mwinjilisti huipiga kwa kipande cha resori, ile springi ya chini ya gari, na watu huja. Desturi ya hapa ni moja: anayepiga chuma ndiye anayefungua mlango, ndiye anayefungua Neno, na hatoki mpaka mtu wa mwisho atoke. Hakuna mwingine anayekigusa. Hata walevi wanapita mbali nacho.

Mzee Jean-de-Dieu anakohoa damu tangu kiangazi. Leo kamyo ilipokuwa tayari, alitaka kupanda juu ya mbao, na kupanda kule kunataka mikono miwili. Mimi nilikuwa karibu. Akasema, “Papa Samy, shika hii kidogo.” Nikashika. Tukamsukuma, akafika juu, nikamnyoshea resori yake. Aliiangalia tu, akaficha mikono ndani ya koti.

“Hapana,” akasema. “Iko mahali yake.”

Kamyo ikaondoka. Watu wote wameona. Mama Nadine, anayetupikia, alipiga vigelegele. Rukundo, mwenzangu wa msumeno, alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Nimeiweka chini ya kitanda. Sitaki. Naandika wazi ili nisijidanganye baadaye: sitaki.

Jumatatu, 11 Septemba

Kazi. Mvua tangu adhuhuri.

Jumatano, 13 Septemba

Mvua imetufunga ndani, basi naandika. Kaye hii, daftari hili ninaloandikia, ni ya binti yangu Myriam. Aliandika kurasa za mbele, hesabu za kujumlisha, kisha akanipa nije nayo huku. Mimi niliachia shule kwenye sekondari ya pili. Kusoma nasoma, lakini polepole, na kidole.

Jina langu ni Damien, ingawa hapa wananiita Papa Samy kwa jina la mwanangu. Mimi ni mtu wa Muheto, mlimani Masisi. Ninajua maharagwe na muhogo. Huku napasua miti. Tunaweka gogo juu ya jukwaa la miti, mmoja anasimama juu, mwingine chini, na msumeno mrefu unapita katikati yetu kutwa nzima. Rukundo anasimama chini. Vumbi la mbao linamwangukia machoni, na bado anasema. Hachoki kusema. Yeye ni wa Kirolirwe, mtu wa ng'ombe. Wenye silaha walichukua kundi lake lote asubuhi moja, na akaja huku kushika mwisho wa msumeno ambao hakuwahi kuuona. Kule kwetu, mkulima na mfugaji wanagombana juu ya mpaka wa shamba. Hapa, mmoja akivuta, mwingine lazima asukume.

Leo ameniambia, “Ng'ombe ukiiita jina yake, inainua kichwa. Weye unaitwa, hata kichwa hauinue.”

“Nani ameniita? Mzee mmoja alitaka kupanda kamyo.”

“Mungu anatumia kile iko karibu.”

“Basi akutumie weye. Una maneno mengi.”

“Mi niko na maneno,” akasema. “Weye njo uko na chuma.”

Jumapili, 17 Septemba

Asubuhi hakuna aliyepiga. Kulikuwa na kimya kibaya. Nilijilaza. Kwenye tundu la ukuta niliwaona watu wakitoka vibandani na mashati ya Jumapili, wakiangalia mti, wakiangalia mlango wangu, wakirudi ndani. Hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema.

Jumapili, 24 Septemba

Nilipanda kilima cha rezo, pale simu inaposhika mtandao, kumpigia mke wangu Anne. Maharagwe yameota vizuri, mtoto wetu Samy amekohoa lakini amepona, milio ya bunduki inasikika upande wa pili wa bonde ila haijafika. Nikamweleza habari ya resori. Nilidhani atacheka.

“Na utarudia lini?” akauliza.

“Mvua ikipungua. Kabla ya Noeli.”

“Sawa. Kama iko Mungu anakuita hapo, umuambie anipigie na mimi. Namba yangu anaijua.”

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza. Mke wangu yuko peke yake mlimani, na mtu aliyeshika chuma haondoki wakati anapotaka.

Sababu ya pili simwambii mtu. Nimeona watu wa Mungu wakifanya kazi yao. Dawa ikishindwa, wanaitwa wao. Mama analia, mgonjwa anakuangalia usoni, na wewe unatakiwa kuwa na neno. Mimi sina neno. Baba yangu alipokufa nilisimama ukutani na mikono mitupu. Mungu akitaka mtu mwenye mikono mitupu, msitu huu umejaa.

Ijumaa, 29 Septemba

Mvua. Msumeno umevunjika jino. Chakula ni bugali na sombe.

Jumatano, 4 Oktoba

Leo mchana Christa, mke wa mmoja wa wapakiaji, ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto amekaa vibaya. Mama Nadine alikuja mpaka kwenye jukwaa letu, kichwani amejifunika jani la ndizi.

“Papa Samy, kuja tuombe. Mutoto anakataa kutoka.”

Nikasema nina homa. Sikuwa na homa. Nilishuka, nikaenda kulala na viatu. Rukundo alienda badala yangu. Amerudi jioni na kusema ni msichana, wamemwita Shekinah, na mama yake amekunywa uji.

Baadaye Mama Nadine akaniletea chakula. Aliweka sahani chini, akasimama.

“Mungu alifika bila weye,” akasema. “Lakini aliuliza uko wapi.”

Sikuweza kumaliza bugali.

Jumapili, 8 Oktoba

Kimya tena. Safari hii hawakuvaa hata mashati ya Jumapili.

Jumanne, 17 Oktoba

Gentil, yule anayeuza dawa kibandani, ananiita “Pasta wa Kitanda”. Kambi yote imelichukua jina hilo. Nikivuta msumeno wananiuliza kama leo mahubiri yatakuwa chini ya shuka. Nacheka nao. Ni rahisi kucheka.

Jumapili, 22 Oktoba

Mto umepanda. Watu waliotoka barabarani wanasema daraja la magogo limeondoka lote, hata nguzo. Patron Straton, mwenye mbao, ametuma ujumbe tuendelee kupasua, kamyo itakuja. Kamyo itapita wapi, hakusema.

Alhamisi, 26 Oktoba

Kama sitaandika leo sijui nitawezaje kesho.

Tulikuwa na gogo la libuyu, ule mti wenye mbao nyekundu, zito kuliko yote ya msimu huu. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi. Mimi juu, Rukundo chini. Alikuwa ananisimulia jinsi mke wake Daphrose alivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu alinuka maziwa ya kuganda. Nilihisi jukwaa linazama upande mmoja, taratibu, kama mtu anayepiga goti. Nikapiga kelele, “Toka!” Niliruka. Yeye alikuwa na vumbi machoni.

Gogo lilimlalia kwenye mapaja. Alikuwa hai. Hakulia. Alisema tu, “Damien, iondoe,” sauti ya mtu anayeomba umsogezee kiti.

Nilisukuma. Nilichimba kwa mikono. Nilitia mti chini ya gogo, ukakatika. Niliita, lakini mvua ilikuwa inapiga majani kwa nguvu na watu wa majukwaa mengine wako ng'ambo ya kijito. Sauti yangu ilikufa mbele ya mdomo wangu. Nikakumbuka chuma. Chuma kinasikika kambi yote, hata kwenye mvua.

Nilikimbia kibandani, nikatoa resori chini ya kitanda, nikakimbia kwenye mti, nikapiga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Kisha nikarudi mbio kwa Rukundo, nikashika kichwa chake, nikamwambia, “Wanakuja. Vumilia. Wanakuja.”

Hawakuja.

Nilingoja. Maji yalikuwa yanajaa pale alipolala, nikawa nayasukuma kwa kiganja. Halafu nikasikia wimbo.

Ulitoka kanisani. Kwanza wanawake, kisha sauti za wanaume zikaingia chini yake. Nilielewa. Hapa chuma kile hakijawahi kuita watu kwa jambo lingine. Moto ukiwaka tunapiga kelele, nyoka akionekana tunapiga kelele. Chuma ni cha Mungu. Walikuwa wamesikia, wakasema, “Papa Samy amekubali!” Wakatua misumeno, wakanawa uso, wakavaa mashati, wakaenda kukaa kanisani kwa furaha, wakinisubiri mimi nije kufungua Neno.

Rukundo naye alikuwa anasikiliza.

“Banaimba?” akauliza.

“Wanaimba.”

Aliangalia juu. Naapa alitabasamu. “Basi enda, muchungaji. Kundi iko inakungojea.”

Nikamwacha peke yake na maji yale. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizokwenda, na si mbali. Nilisimama mlangoni pa kanisa nimejaa tope na damu. Wote wakasimama kwa heshima. Mama Nadine alikuwa mbele, kitambaa cheupe kichwani, machozi ya furaha usoni. “Karibu, Papa,” akasema. Kila mtu ananitazama, kanisa lote limejaa, na mimi sina neno, vile vile nilivyoogopa. Nikasema, “Rukundo.” Hilo tu.

Walikimbia na mashati yao ya Jumapili. Wanaume walitia miti chini ya gogo, wakaliinua. Tukambeba mpaka kanisani, kwa sababu sakafu yake iko juu na haiingii maji.

Gentil ameleta vidonge vyote alivyonavyo. Hakuniita Pasta wa Kitanda.

Ijumaa, 27 Oktoba

Tulimtengenezea kipoyi kwa miti na blanketi, tukambeba kuelekea hospitali ya Walikale. Mto ukaturudisha. Hakuna daraja, hakuna mtumbwi, maji yanabeba miti mizima. Tulisimama ukingoni na mgonjwa mabegani hadi mabega yakachoka, kana kwamba mto ungetuonea haya. Halafu tukarudi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mguu wa kulia umekuwa mweusi. Wa kushoto hausikii. Mvua.

Jumapili, 29 Oktoba

Madirisha ya kanisa tumeyaziba kwa maturubai, mvua isimlowanishe. Ndani ni giza mchana kutwa. Alfajiri nilimletea uji, akasema:

“Damien, humu ndani haiko asubuhi, haiko magaribi. Piga ile chuma. Nijue kama Mungu amefungua siku.”

“Nikipiga watakuja.”

“Bakuje. Nasikia baridi peke yangu.”

“Na wakija nitawaambia nini?”

“Sijui. Mi niko mutu ya ng'ombe.”

Nikatoka, nikapiga. Si kwa ajili ya Mungu, acha niwe mkweli. Nilipiga kwa ajili ya Rukundo, kama ambavyo ningemletea maji. Nikafungua mlango. Wakaja, wakakaa kumzunguka. Kitabu cha Mwinjilisti kilikuwa kwenye meza, nikakifungua pale kilipofunguka. Kwa bahati yangu mbaya ilikuwa ile sehemu ya majina: fulani akamzaa fulani, naye akamzaa fulani. Nilisoma na kidole, nikikwama, nikijua nimeanza kitu ambacho hakina mlango wa kutokea. Watu walivumilia. Kisha Rukundo akacheka kule chini.

“Njo vile!” akasema. “Na sisi ng'ombe zetu tunazisoma hivyo. Hii ya mama fulani, na ile ya mama fulani.”

Akaanza kutaja ng'ombe wake waliochukuliwa, mama na mtoto na mjukuu, kila mmoja kwa jina lake la Kinyarwanda. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, Mama Nadine akasema, “Amina.” Na wengine wote, amina.

Nilikaa mpaka wa mwisho alipotoka. Wa mwisho hakutoka, kwa sababu wa mwisho ni Rukundo. Basi nimelala kanisani.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimepiga. Wamekuja kabla ya kazi.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimepiga.

Jumatano, 1 Novemba

Wanaume wawili wamejaribu kuvuka mto na kamba. Wamerudi, mmoja ameumia mkono. Harufu ya mguu sasa inajaa kanisa. Watu wanataka niombe apone. Mama Nadine alisema mbele ya wote, “Uweke mukono, Papa Samy. Uamini tu.” Niliweka mkono. Nilifumba macho na kuomba kwa sauti kubwa, maneno ya Mwinjilisti, kwa sababu yangu sikuyapata. Mguu ulikuwa moto chini ya kiganja changu. Hakuna kilichotokea. Nilifungua macho nikakuta wote wananiangalia mimi, si mguu.

Hiki ndicho nilichokikimbia tangu Septemba. Nimefika ndani yake.

Walipotoka, Rukundo alinivuta shati.

“Usiniombee vile tena. Unamupigia Mungu makelele.”

“Nikuombee vipi?”

“Omba hawa bantu basichoke na harufu yangu.”

Basi niliomba hivyo, kwa sauti ya kawaida, na hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Sijui kama Mungu alifanya kitu. Lakini jioni walirudi wote.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimepiga. Homa imempanda Rukundo, ananiita Papa yake, halafu Daphrose, halafu Damien. Dawa za Gentil zimekwisha. Gentil amekaa mlangoni na sanduku tupu magotini, hakutaka kwenda kula.

Jumamosi, 4 Novemba

Alfajiri nilitoka kupiga chuma. Nilipiga vizuri, pole pole, kama anavyopenda. Nilipofungua mlango na kumwambia, “Iko asubuhi, kaka,” hakujibu. Alikuwa bado na joto.

Sijui kama alisikia. Nimejiuliza kutwa nzima na sijui.

Watu walikuwa wameanza kuja nyuma yangu wakiimba. Sikuwageukia. Waliona wenyewe, na wimbo ukakatika mmoja mmoja mpaka kwa yule wa nyuma kabisa, ambaye aliendelea peke yake kidogo kwa sababu hakuona.

Tumemzika nyuma ya kanisa, ndani ya mbao za gogo lile lile. Patron atauliza, aulize.

Jumapili, 5 Novemba

Nimerudisha resori chini ya kitanda. Nilipiga kwa ajili yake. Yeye hayupo. Imekwisha.

Alhamisi, 9 Novemba

Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu kwa mke aliye peke yake. Nilipanda kilima nikampigia Anne, nikamwomba aende Kirolirwe na wamama wawili wa kanisa wakamkalishe Daphrose chini kwanza. Anne alilia, yeye ambaye hakumjua. Akasema ataenda. Mimi niliyekuwa naye siku zote hizo nimeshuka kilima nimemwachia mwanamke kazi yangu.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua. Napasua na Gentil sasa. Hana nguvu, na hasemi. Msumeno uko mzito.

Jumapili, 26 Novemba

Mto umeshuka. Wanajenga daraja. Leo nimegombana na Mungu, mchana, peke yangu kwenye jukwaa. Nimemwambia: uliniita nije nione unashindwa? Nimemwambia: nilikupigia chuma, hukuja. Halafu nikakumbuka Rukundo chini ya gogo, akisikiliza wimbo wa watu waliodhani mambo yako sawa. Pengine hata Mungu alikuwa pale chini pamoja naye akisikiliza. Sijui mambo haya. Sikusoma.

Alhamisi, 30 Novemba

Anne amefika Kirolirwe na kurudi. Daphrose aliuliza kitu kimoja: “Alikuwa peke yake?” Anne alimwambia hapana, walipiga chuma kila asubuhi na watu walikuja. Daphrose akasema basi, akafunika kichwa.

Jumamosi, 2 Desemba

Kamyo imefika. Shofere anayeiendesha amekubali nikae juu ya mbao mpaka Walikale. Toka pale nitatafuta njia ya Masisi. Nimemwambia Anne kwa simu. Nilimsikia akiwaambia watoto, na Samy akipiga kelele.

Nimefunga mzigo wangu. Ni mdogo.

Jumapili, 3 Desemba

Asubuhi, kabla ya kupanda, nilimpelekea Mama Nadine resori. Alikuwa anaosha sufuria.

“Mama Nadine, shika hii kidogo.”

Aliingiza mikono yote miwili chini ya kikwembe alichojifunga. “Ile mutego naijua, Papa Samy. Jean-de-Dieu alikupata nayo.”

“Kuna watu wengine. Kuna Gentil.”

“Iko Gentil, eh. Umuulize.”

Gentil alikuwa pembeni. Aliangalia chini. “Mi nilikutukana juu ya hiyo chuma,” akasema. “Siishike.”

Nikaiweka juu ya kizingiti cha kanisa na kupanda kamyo. Nilikaa juu ya mbao, mzigo magotini. Shofere alikuwa anafunga kamba. Kutoka juu niliona kaburi la Rukundo, na majani yameanza kuota.

Halafu wakaanza kutoka vibandani. Hakuna aliyekuwa amepiga. Walikuja bila kuitwa, Christa na Shekinah mgongoni, wapakiaji, Gentil, Mama Nadine na mikono yenye sabuni. Walisimama mbele ya mlango uliofungwa. Hawakuniangalia. Mtu angeniangalia ningekasirika, na hasira ingenisaidia kuondoka. Walisimama tu, mvua nyepesi ikiwanyeshea, mbele ya mlango ambao kwa desturi yao hawawezi kuufungua, na kile kipande cha chuma kiko chini miguuni pao.

Nilijua sina kitu cha kuwapa. Nililijua hilo kuliko nilivyolijua Septemba, kwa sababu sasa nimelijaribu. Na wao pia walijua. Waliniona na mkono wangu juu ya mguu ule. Na bado wamesimama.

Nikamwambia shofere, “Ngoja nipige tu, nakuja.”

“Fanya mbio,” akasema. “Mvua itanifungia njia.”

Nilishuka. Nikapiga. Nikafungua mlango, wakaingia, na mimi nikaingia nyuma yao nikisema moyoni kwamba nitaomba kifupi. Nilifumba macho. Sikuwa na neno. Tulikaa kimya, watu wote, na nje nikasikia honi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Shekinah alilia kidogo akanyamaza. Nikasema, “Baba, ni sisi,” na wakati natafuta maneno mengine nikasikia kamyo inawashwa, inazunguka, inapanda mlima kwa shida, na kupungua kidogo kidogo. Sikufungua macho.

Mzigo wangu umekwenda nayo.

Mchana nilipanda kilima cha rezo. Nilimweleza Anne kwamba kamyo imeondoka bila mimi.

“Samy amefagia kiwanja tangu asubuhi,” akasema.

“Nisamehe.”

“Mungu alisema na weye?”

“Hapana. Hakusema kitu. Watu walisimama tu mlangoni.”

“Na sisi tuko tunasimama mlangoni, Damien.”

Nilisema kamyo nyingine itakuja, nilisema wataleta mwinjilisti mwingine, na yote mawili sijui kama ni kweli. Simu ikakatika. Ao ni rezo, ao ni yeye. Sijui.

Jumatatu, 4 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Sijui nitawaambia nini leo, wala kesho. Nimepiga.